Mtoto Aliyeitwa Mama Guyo

Mwezi uliopita binti yangu alipewa pole kwa kufiwa na mwanawe wa kiume. Mwanawe huyo alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye ndevu za hina, na binti yangu mwenyewe hajafika hamsini. Tulikuwa tumeketi mkekani huko Chechelesi, Isiolo, katika nyumba ya marehemu. Wanawake walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wanaacha viatu mlangoni, wanatoa salaam, kisha wanampita kila mtu, hata mimi na mvi zangu zote, wanakwenda moja kwa moja kwa binti yangu na kumshika mikono yote miwili. "Pole, mama. Mungu akupe subira kwa kijana wako." Naye, mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi wake wanamwogopa hata wakikutana naye sokoni, alikuwa akilia machozi ya kweli na kuitikia, "Amin, amin." Msichana mmoja mgeni aliyekuwa akipitisha chai aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama ana akili timamu. Nilimwambia akili anazo zote, ila jambo lenyewe ni la mwaka mzima, na chai yake ingepoa. Ninyi hamjashika birika, kwa hivyo nitawaeleza.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa sabini na saba. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke wa karani wa idara ya mifugo, mjamzito kwa mara ya kwanza, na nilikuwa najua kila kitu. Sijawahi tena kujua mambo mengi kama nilivyoyajua mwaka ule. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Chechelesi, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la mabati, na pazia la maua lililotenga kitanda na jiko. Ukuta mmoja tuliugawana na mwenye nyumba, na ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akikoroga chai nilisikia kijiko. Huyo mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiborana, mrefu, mkavu, mtandio mweusi, mikono haitulii. Kila asubuhi aliita kupitia ukutani, "Karimi, umeamka?" na kabla sijajibu alikuwa ameshafika mlangoni na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, amesimama hapo kuhakikisha nimekimaliza. Alinifundisha kupika anjera kwenye kikaango bila kuipindua, na kuhifadhi nyama kwa kuikausha na kuikaanga vipande vidogo mpaka inakaa wiki nyingi ndani ya mafuta yake. Watu wote walimwita Mama Guyo, kwa jina la mwanawe wa pekee, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Mwaka mzima haikunipitia akilini kwamba lazima ana jina lingine.

Sasa niwaeleze kuhusu barua. Kwa watu wa mume wangu, kule Nkubu upande wa Meru, mtoto hapewi jina tu, anapewa mtu. Mtu huyo ni ntagu wake. Ukishapewa ntagu, wewe ndiye yeye. Watoto wake wakubwa na ndevu zao watakuita mama, na yeye mwenyewe atakuja kukutazama akiwa na zawadi mkononi, kwa sababu amekuja kujitazama. Binti wa kwanza ni wa mama mzaa baba, na hilo halijadiliwi. Mume wangu Mutuma alikuwa mtoto wa pekee, na mama yake, Ciothirangi, alikuwa ameingoja siku hiyo tangu tulipotoka kanisani. Kwa hivyo wiki mbili kabla ya kujifungua Mutuma alimwandikia: akija msichana, mama, ni wewe. Alinisomea barua yote, nikafurahi, na stempu nililamba mimi mwenyewe kwa ulimi wangu. Nasema hili ili mtu asije akanitetea.

Mwezi wa nne mvua zilianza, na Mutuma alikuwa Garbatulla na watu wa chanjo ya ng'ombe. Barabara ya Garbatulla ikinyeshewa siku zile, aliyekwenda huko alihesabiwa kuwa amehama. Uchungu ulinishika saa nane mchana nikichagua maharagwe. Guyo, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, alikimbia kutafuta gari la kunipeleka hospitali, na gari alilipata, lakini mtoto hakulingoja. Mama Guyo alifunga pazia, akakunja mikono ya nguo yake, akaniambia, "Wacha kelele, binti. Hiyo nguvu ya kelele, peleka chini." Nikaipeleka chini. Mtoto alitoka wakati watu wanatoka msikitini sala ya alasiri, na hakulia. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na chini ya mvua hakukuwa na sauti nyingine yoyote. Niliinua kichwa nikaona mtoto wangu amekuwa rangi ya majivu mikononi mwa yule mama. Mama Guyo hakupoteza muda wa kuniangalia. Aliweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto, akavuta, akatema kando, akavuta tena, akatema, akamsugua mgongo, na muda wote alikuwa akimsemesha Kiborana kwa ukali, kama anamgombeza mtu aliyechelewa kazini. Kisha mtoto akapiga yowe. Guyo na dereva wake waliokuwa nje mvuani wakapiga yowe pia. Mimi nililia, nikacheka, nikamshika yule mama mkono uliojaa damu yangu, na kabla sijafikiri nikasema neno ambalo kwetu halisemwi ovyo: "Mama Guyo, mtoto huyu ni wewe."

"Ni mimi aje?" alijibu. "Mimi niko hapa."

Ilibidi nimweleze. Nilikuwa nimelala, yeye akimfunga mtoto kwenye leso, na Guyo amesimama mlangoni akiangalia pembeni kwa heshima lakini masikio yako ndani. Nilipomaliza nikagundua aibu yangu. Nikamwuliza, "Na jina lako hasa ni nani?"

"Qabale," akasema.

Nililijaribu. Jina hilo linaanzia nyuma kabisa ya koo, mahali ambapo mimi sikujua kama pana kazi nyingine zaidi ya kumeza. Anayelijua akilitamka utasikia kama kizibo kidogo kimetoka kwenye chupa. Mimi nilitoa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa. Mama Guyo alicheka mpaka akaketi. Halafu akawa mzito ghafla. "Lakini hii jina yangu bado natumia," akasema. "Mkichukua, mimi nitabaki na gani?" Nikamwambia hatutalichukua, tutaligawana. "Na siku nikikufa?" Nikamwambia kwa mila yetu hatakufa mzima mzima, atakuwa bado anatembea Isiolo na miguu mipya. Alimtazama mtoto. "Hiyo ya kufa Mungu ndiye anajua," akasema. "Haya, chukueni. Lakini mimi pia naendelea nayo."

Guyo ndiye aliyeichukua mila yetu kama ilivyo, bila kuipunguza. "Kwa hivyo huyu ni mama yangu?" aliuliza. Nikasema kwa hesabu yetu, ndiyo. Akavua kofia yake, akaingia hatua mbili, akachuchumaa mbele ya kile kifurushi cha leso. "Salaam aleikum, mama. Umefika salama? Hii mama ingine inanigombeza tangu asubuhi, hebu sema na yeye." Mama Guyo alimrushia kiatu. Lakini kuanzia siku ile hakupita mlangoni kwangu bila kuingia kumsalimu mama yake, na siku ya tatu alitangaza kwamba mama yake hawezi kupewa jina bila mbuzi, na kwamba mbuzi ameshapatikana, wa siku ya saba, kama desturi ya nyumba yao. Nilikuwa na furaha ya ajabu siku hizo. Nilikunywa supu, nikala nyama ndani ya samli, nikajifunza jina la binti yangu mwenyewe kama mwanafunzi, Mama Guyo akinishika koo kwa vidole viwili kunionyesha linatokea wapi. Ile barua niliiweka mbali na mawazo yangu, jinsi mtu anavyosukuma ufagio nyuma ya mlango mgeni anapopiga hodi.

Mutuma alifika siku ya tano, matope mpaka magotini. Habari zilikuwa zimemfikia kwa redio ya idara, na kabla ya kuondoka alikuwa ametuma neno Nkubu. Alimtazama mtoto, akacheka, akafuta macho kwa mkono mchafu akabaki na mistari usoni, akamnong'oneza, "Ciothirangi." Nikamwambia. Alikaa juu ya debe la maji, taratibu.

"Karimi," akasema, "umeahidi watu wawili mtoto mmoja."

"Mmoja niliahidi kwa stempu," nikasema. "Mwingine kwa mdomo."

"Mama yangu ameambia kanisa lote. Ameambia hata wale hawasemezani nao! Na anakuja kesho kutwa."

Alitaka tumwambie Mama Guyo kwamba ulikuwa uchungu unaongea, si mimi. Nilikataa. Mtoto alikuwa hai kwa pumzi ya yule mama, na neno lile nililisema nikiwa na akili zangu zote. Tena lilikuwa neno la kwao, la kina Mutuma, si langu la kubuni. Likishawekwa juu ya mtoto, kulifuta ni kumtoa mtu nje mvuani. Akasema basi tungojee binti wa pili awe wa mama yake. Nikasema sawa. Hatukujua kwamba Mungu alikuwa ametuandalia wavulana wawili, kisha basi. Ukuta ulikuwa mwembamba kama nilivyosema, na upande wa pili kijiko kilikuwa kimenyamaza, lakini tuliongea Kimeru na nikajipa moyo kwamba hakuna alichoelewa.

Siku ya saba ua ulijaa. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wanawake wa jirani wamekuja na vibuyu vya maziwa, ubani unafuka, na Mama Guyo amechuchumaa jikoni akitengeneza buna. Kwa asiyejua, hii ni kahawa ambayo hainywewi, inaliwa. Wanachukua tunda kavu la kahawa na ganda lake, wanaling'ata ncha moja moja kwa meno, kisha wanalikaanga kwenye samli mpaka linapasuka, na bila hiyo hakuna baraka iliyokamilika. Katikati ya harufu hiyo lori la viazi lilisimama barabarani, na akateremka mama mkwe wangu. Alikuwa mfupi, mwepesi, amevaa koti la kanisani juani, mgongoni kiondo kikubwa, mkononi mkungu wa ndizi. Aliona umati, akaona mbuzi, akaelewa alivyotaka kuelewa. Uso wake uling'aa. Aliingia akiwasalimu wanawake wa Kiborana mmoja baada ya mwingine huku akijigonga kifua. "Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!" Wanawake hawakujua ni yeye nani, lakini waliona mgeni ana furaha, wakampigia vigelegele. Mutuma alitazama viatu vyake. Mimi nilitamani ardhi inifanyie nafasi. Guyo, ambaye hakujua lolote la barua, akaja na adabu zake zote akampokea ndizi. "Karibu sana, mama. Mama yetu Qabale amezaliwa upya."

Vigelegele viliisha kimoja kimoja. Mama mkwe aligeuka akaniangalia. "Karimi," akasema, "huyo ni nani?"

Mama Guyo alisimama na sufuria ya buna mikononi. "Ni mimi."

"Wewe ndiye ulimshika?"

"Mimi."

"Mwanangu alituma mtu na habari kwamba mtoto hakulia."

"Hakulia. Mimi nikamvuta pumzi na hii mdomo yangu."

Mama mkwe aliutazama mdomo ule kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti cha miguu mitatu akaketi bila kuvua koti. "Na mimi nitamwita aje?" akasema, na sasa alikuwa anamwuliza kila mtu. "Mtoto wa mwanangu, na jina halipiti kwa mdomo yangu?" Akalijaribu. Wanawake wakamsahihisha. Akajaribu tena, koo likamgomea, akakohoa. Mara ya tatu mtoto alipiga chafya, na mtu mmoja nyuma akacheka, na mimi nikaona macho ya mama mkwe yanaanza kulowa. Mama Guyo akamsogezea sufuria. "Kula kwanza," akasema. "Jina haiendi mahali."

Alichungulia ndani. "Hii ni kahawa?"

"Ni buna."

"Mnakula kahawa?" Mama yule alikuwa amechuma kahawa miaka thelathini na kuipeleka yote kiwandani, na hakuwahi kuiweka mdomoni hata punje moja. Alichukua moja kwa vidole viwili, akaitafuna akiwa amefumba macho, kama anayemeza dawa. Akafumbua. Akachukua ya pili. "Lakini hii ni mbuni!" akasema kwa mshangao. "Hii ni ile inaangukia chini tunaanika tu. Sisi tunaona ni takataka. Na mnabarikia nayo?" Akachukua konzi nzima. Alitafuna akifikiri, na sisi sote tukamngoja, samli ikimng'aa midomoni. Ndipo nilipomwona akifika mahali fulani ndani ya kichwa chake na kutulia.

"Huyu mtoto ni wewe," alimwambia Mama Guyo.

"Wanasema ni mimi."

"Na huyu mtoto ni mjukuu wangu."

"Ni mjukuu wako."

"Basi wewe pia ni mjukuu wangu."

Mama Guyo alikuwa amemzidi si chini ya miaka kumi. Mama mkwe akajiweka sawa kitini, akanyoosha mikono yake yenye mafuta. "Mjukuu, leta maji ninawe. Umeniacha hapa kama mgeni." Sijawahi kuona kicheko kikianza polepole namna ile. Kilianzia mabegani mwa Mama Guyo, kikapanda, mtandio ukateleza, akashika mlango asianguke, na wanawake walipotafsiriana ua mzima ulipasuka. Akaenda akaleta maji, akapiga goti kama mtoto mwenye adabu, akamnawisha. "Na wewe," mama mkwe alimwambia Guyo, "wewe ni kitukuu changu na hata hujanisalimia vizuri." Guyo akachuchumaa, kofia mkononi. Kisha mama mkwe akamgeukia tena Mama Guyo. "Watu hapa wanakuitaje kila siku?"

"Mama Guyo."

"Hiyo naweza." Akampakata mtoto wangu wa siku saba, akamtazama usoni, akatamka bila kukwama popote, "Mama Guyo." Tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini hakumwita jina lingine.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu tulikula tukashiba na kila mtu akarudi kwake akicheka. Lakini alasiri ile nilikuwa nimelala nyuma ya pazia na mtoto, na mama mkwe na Mutuma walikuwa wameketi nje chini ya dirisha, wakidhani nimelala usingizi. Nilimsikia akisema Kimeru, kwa sauti ambayo sikuijua, ndogo, haina mzaha ndani yake, "Yule mama alistahili. Sina neno. Lakini mimi nitarudia mlango gani, Mutuma? Nilikuwa na mmoja tu, na ni wewe." Nilisogeza pazia kidogo. Mama mkwe alikuwa ametoa kwenye kile kiondo kikubwa kiondo kingine kidogo, cha ukubwa wa ngumi mbili, kimesukwa kwa uzi mwekundu na wa kahawia, cha kuning'inizwa bega la mtoto anayejifunza kutembea. Ilikuwa ile zawadi ambayo ntagu humletea mtoto. Alikipangusa vumbi ambalo hakikuwa nalo, akakirudisha ndani, akafunika kwa leso. Nilijisikia mwizi, na nilijua nimemwibia nani. Nisingebadilisha neno langu, nasema hivyo hata leo, lakini nilijifanya nimelala mpaka jua lilipopoa, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazamia.

Mwaka ukaendelea. Mtoto alinenepa kwa maziwa ya ngamia na sifa. Mama Guyo alikuwa ananiita mama, akipitisha kikombe dirishani na kudai, "Mama, mtoto wako ana njaa, leta chapati," na kumbe anajisema yeye. Kila mwisho wa mwezi lori la viazi lilituletea gunia dogo la mbuni kutoka Nkubu, na ujumbe wa mdomo wa dereva kwamba ni la mjukuu mkubwa, asipewe mdogo. Nikajifunza mwaka ule kwamba watu wanaweza kufanya mzaha wao ukawa ukoo. Lakini kila nilipomwona mama mkwe, na alikuja mara tatu, alikuwa na kile kiondo kikubwa, nami nilijua kilichokuwa chini ya leso.

Siku moja ya mwezi wa tisa Guyo aliingia kumsalimu mama yake, ambaye wakati huo alikuwa anakaa na kumvuta ndevu chache alizokuwa nazo, na akanikuta nimekasirika bila sababu. Aliponiuliza nilimwambia yote, stempu, dirisha na kiondo. Alisikiliza akimwachia mtoto ndevu. "Mbona hukusema siku ile?" akauliza. Nikasema angefanya nini? Akainua mabega. Mke wake Darmi, msichana wa Kinna mwenye kicheko cha karibu, alikuwa mjamzito, na nilidhani mawazo yake yamehamia huko.

Darmi alijifungua msichana mwezi wa kumi na mbili. Sheikh alimpa mtoto jina la Halima, likaandikwa. Kisha Guyo akamtafuta dereva wa lori la viazi, akamwambia apeleke ujumbe Nkubu hivi hivi ulivyo: kitukuu chako amepata mtoto, na mtoto huyo ni wewe, njoo ujitazame. Ukoo mzima wa Guyo ulikusanyika kujifunza kusema Ciothirangi. Mnakumbuka nilivyotaabika na jina lao? Nilikaa kwenye mkeka nikala raha yangu yote. Wazee walioweza kumwita ngamia kwa jina kutoka ng'ambo ya bonde walishindwa. Mama Guyo alilipasua vipande vinne akalisema kwa kituo baada ya kila kipande, na Darmi, mama mwenyewe, alikuwa akifika katikati anacheka na kurudi mwanzo. "Sasa mmejua," niliwaambia. Guyo peke yake alilipata, kwa kulifanyia mazoezi sokoni, akiwatajia ng'ombe.

Mama mkwe alifika na koti lake la kanisani. Hakujigonga kifua. Alisimama mlangoni kwa Darmi kama mtu asiyejua kama amealikwa kweli, na Guyo akaja akampa mtoto mikononi, akamtamkia jina lake lote bila kukosea. Mama mkwe alilia bila kuficha, mdomo wazi, na Mama Guyo akalia kwa sababu yeye alikuwa analia, na mimi niliyekuwa nimekuja kucheka nikashindwa. Kisha akaweka chini kiondo kikubwa, akainua leso, akatoa kile kidogo, akamvisha mtoto wa Kiborana begani, kikafika mpaka miguuni. "Utakua nacho," akamwambia.

Mama Guyo alizikwa Isiolo miaka mingi iliyopita, na mama mkwe akamfuata, na Mutuma pia ametangulia. Guyo aliendelea kuja kila sikukuu kumsalimu mama yake, hata mama yake alipokuwa shule ya bweni, akamweleza wazi mwalimu mkuu kwamba amekuja kumwona mzazi. Kwa hivyo alipokufa mwezi uliopita binti yangu Qabale alilia kama anavyolia mama, na nilimwacha alie. Mimi nilikuwa nimejikunyata pembeni mwa mkeka, nimechoka kwa safari, watu wakinipita na kunisalimu kwa heshima, Mama Qabale, Mama Qabale. Hilo ndilo jina langu tangu mwaka ule. Karibu wote waliokuwa wakiniita jina nililozaliwa nalo wameshaondoka, na siku ile niliona kama limekwenda nao.

Ndipo akaingia kutoka jikoni mwanamke wa makamo, amevaa dera na mtandio mweusi, macho yamevimba kwa kumlilia baba yake. Alikuwa amebeba buna iliyotoka motoni, na ameitia ndani ya bakuli lililowekwa kwenye kiondo kidogo, rangi nyekundu imefifia ikawa kama ya kutu, mpini umeshonwa upya. Alimpita binti yangu, akawapita wazee, akaja akasimama mbele yangu. Tangu akiwa mtoto wa kujifunza kusema alifundishwa namna ya kuniita, na hakuwahi kuibadilisha.

"Karimi," akasema, "umekula?"

Nikasimama, magoti yakilalamika, jinsi anavyosimamiwa mama mkwe, nikapokea kwa mikono miwili.

"Bado, mama," nikamjibu.